Tuta la Mbita, tuta la Makupa

Nimevuka matuta mawili maishani mwangu mpaka nikayachoka, na leo yote mawili hayapo. Moja ni la Makupa, lililokiunganisha kisiwa cha Mombasa na bara tangu mwaka 1929. Jingine ni la Mbita, kule Ziwa Victoria, lililokiunganisha kisiwa cha Rusinga na bara tangu miaka ya 1980. Mimi ni mzaliwa wa Changamwe, mwalimu wa Kiswahili, na kazi imenipeleka pande zote mbili. Watu wakisikia daraja jipya limejengwa huuliza limekula pesa ngapi na lina njia ngapi za magari. Siku hizi mimi huanza kwa kuuliza chini yake panapita nini.

Makupa nilikuwa nalo tangu utotoni wala sikujua kwamba ni tuta. Ukiwa ndani ya matatu ile ni barabara kama barabara nyingine: maji kulia, maji kushoto, na ukifika Kibarani unajiziba pua kwa leso kwa harufu ya jaa. Babu yangu, aliyewahi kufanya kazi reli, ndiye aliyekuwa akisema kwamba zamani pale palikuwa na daraja, lililojengwa reli ilipoanza kuelekea bara mwaka 1896 na baada yake, likapewa jina la Salisbury, Waziri Mkuu wa Uingereza wa siku hizo. Maji yalikuwa yakipita chini yake. Kisha Waingereza wakaona nafuu wafukie, wakafukia. Tulimsikiliza kama unavyomsikiliza mzee anayehesabu bei za mkate za zamani.

Mwaka 2004 nikapangiwa kufundisha Rusinga. Nyumbani walilia. Mjomba wangu alinisindikiza hadi stendi akaniusia nisinywe maji ya ziwa na nisipande mashua, basi. Hilo la mashua halikuwa kitisho cha bure. Kwetu Mombasa hakuna nyumba isiyojua habari ya feri ya Mtongwe iliyozama Aprili 1994 na watu 272 wakafa. Mtu aliyekulia na habari ile akiambiwa anakwenda kukaa kisiwani, swali lake la kwanza ni anavukaje. Nilipofika Mbita nikaonyeshwa tuta la mawe na udongo, pikipiki zinapita, ng'ombe wanapita, akina mama wenye mabeseni kichwani wanapita, moyo ukatulia. Nikavuka kwa miguu, sanduku langu likatangulia kwenye mkokoteni.

Rusinga ni kisiwa cha kilomita kama 16 kutoka ncha hadi ncha, na pale kilipo kipana hakizidi kilomita 5. Kimekaa mdomoni kabisa mwa ghuba ya Winam, ile ghuba ambayo Kisumu iko mwisho wake upande wa mashariki. Maji ya ghuba yana njia mbili za kutokea kwenda ziwa kuu. Moja iko kaskazini ya kisiwa, ni pana na ina kina. Ya pili ni mlango mwembamba kusini, kati ya kisiwa na Mbita. Huo wa pili ndio uliofukiwa. Ukitazama ramani unaona mara moja kilichofanyika, lakini mtu akivuka na mzigo wake hatazami ramani.

Mama mwenye nyumba wangu alikuwa mchuuzi wa omena, dagaa wa ziwa lile, ufuoni Litare. Aliniita Nyar Mombasa, yaani binti wa Mombasa, tangu siku ya kwanza, na mapema tu akanieleza kwamba kisiwani hapo watu ni wa aina mbili, waliozaliwa wakati wa mashua na waliozaliwa wakati wa tuta. "Sisi wa mashua," akasema, "kuomba Mungu tulijua." Walimu wenzangu vijana walipenda kulilaumu tuta kwa kila kitu, kuanzia samaki kupungua hadi wezi wa ng'ombe kuongezeka. Mama huyu akawa anawakatiza: "Mwalimu, wewe hujakaa na mgonjwa ufuoni ukingoja ziwa litulie. Ukishakaa ndipo uje tulizungumze tuta."

Neno hilo nimelibeba tangu siku ile kwa sababu wanaoandika kuhusu mazingira mara nyingi hulisahau. Tom Mboya, waziri wa Kenya ambaye kwao ni Rusinga, alipouawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, tuta halikuwapo. Alizikwa Rusinga, na maelfu waliomzika walivuka maji. Leo magari ya shule yanafika hadi kwenye kaburi lake, lile lenye jengo la umbo la risasi, wanafunzi wanashuka, wanapiga picha, wanaondoka jioni ileile. Tena tuta lilikuja wakati biashara ya mbuta, yule samaki mkubwa ambaye wengine humwita sangara, imepamba moto. Lori la barafu liliweza kufika hadi ufuoni, samaki akapimwa palepale, na mvuvi akalala na pesa mfukoni. Kabla ya hapo samaki wengi waliishia kuanikwa au kukaangwa kwa sababu hakukuwa na namna ya kumfikisha mbichi mbali. Nyumba za mabati za kisiwani, na karo za watoto wengi niliowafundisha, zilipita juu ya tuta lile.

Basi mambo ya chini nilianza kuyaona polepole, na niliyaona kupitia magugu maji. Gugu hili lilishaufunika upande wa Kenya wa ziwa vibaya sana mwaka 1998, hekta zipatazo 17,000, likapungua baada ya wadudu wanaolila kuachiliwa na hali ya hewa kubadilika. Mimi nilikuta mabaki. Lakini mwaka 2006 ulikuwa wa ukame, ziwa likashuka kuliko watu wengi walivyowahi kuona, ufuo ukarudi nyuma, mashua zikalala kwenye matope yaliyopasuka. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka huo zikaja, na 2007 gugu likafufuka kwa hasira.

Gugu maji linasafiri. Upepo wa mchana hutoka ziwani kwenda nchi kavu, wa usiku hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Ndio huo wa usiku unaowatoa wavuvi wa omena na taa zao, zile siku ambazo hakuna mbalamwezi. Kwa hiyo ufuo ulioshinda umezibwa na gugu huweza kuamka mweupe. Isipokuwa kwenye pembe za tuta. Likiingia pale halikuwa na pa kwenda. Lilikaa, likaoza chini, likaota juu, na maji yakawa ya rangi ya chai iliyochacha. Upande wa pili wa barabara, hatua chache tu, maji yalikuwa yakicheza na mawimbi. Ndipo nikaikumbuka Makupa na maji yake ya rangi mbili, kila upande wa tuta na yake, na habari za babu zikapata maana.

Kulikuwa na jambo la kichocho. Shule zote za pembezoni mwa ziwa zinalijua. Dawa zikiletwa, mtoto anasimamishwa kando ya ufito wenye alama, urefu wake ndio unaosema ameze vidonge vingapi, na lazima awe amekula, la sivyo kizunguzungu kitamlaza. Tulipika uji asubuhi hiyo na mimi nikapewa kazi ya kuhakikisha hakuna anayeficha kidonge chini ya ulimi. Darasani nikawaeleza, kwa Kiswahili chao cha shule na Kijaluo changu cha kuokoteza, kwamba konokono wanaobeba vijidudu hivyo hupenda maji yaliyotulia na yenye majani. Kijana mmoja wa darasa la sita akainua mkono: "Mwalimu, mbona hawatoboi tuta?" Darasa likaangua kicheko. Mwalimu wa sayansi nilipomhadithia naye akacheka, akasema huyo atakuwa mwanasiasa.

Sitaki kulibebesha tuta dhambi zisizo zake. Wazee wa ufuoni walikuwa wakiniambia kwamba ngege wa asili, yaani sato, alikuwa akipita kwenye mlango ule kwenda kuzaa na kwamba tuta ndilo lililommaliza. Huenda lilichangia. Lakini mbuta aliingizwa ziwani tangu miaka ya 1950 na akawala wenyeji wake bila kungoja tuta, na nyavu za macho madogo nimeziona kwa macho yangu zikianikwa mchana kweupe. Maji machafu ya miji na mbolea za mashamba huteremka na mito hadi ghubani. Tuta lilikuwa limeziba dirisha moja katika nyumba ambayo tayari ilikuwa na moshi mwingi.

Kwa nini lilijengwa hivyo? Jibu nililopewa na kila mtu mzima niliyemuuliza ni moja: rahisi. Tuta linataka mawe, udongo, malori na tingatinga. Daraja linataka nguzo za kuzamishwa chini, zege, vyuma na mafundi wa kuletwa kutoka mbali. Nchi ilikuwa na haja nyingi na kisiwa kilikuwa na wapigakura wachache. Isitoshe, wakati ule hakukuwa na sheria ya kumlazimisha anayejenga aandike kwanza maji yatafanya nini. Sheria ya mazingira inayodai ripoti ya athari kabla ya mradi ilikuja mwaka 1999. Makupa ilikuwa na umri wa miaka 70 wakati huo. Gharama ya urahisi ule ililipwa, ila walioilipa hawakuwa kwenye hesabu: mama anayechota maji pembeni mwa tuta, mtoto wa darasa la sita, mvuvi wa mtumbwi mdogo ambaye ilimbidi azunguke kisiwa kizima ili afike upande wa pili wa barabara.

Nilirudi pwani mwaka 2013. Tuliposikia kwamba Mbita inajengewa daraja na tuta litafunguliwa, nilimpigia simu mama mwenye nyumba. Hakuwa na furaha niliyoitegemea. Alitaka kujua kama wakati wa ujenzi atavuka vipi na omena wake, na kama wale wanaouza chai na mandazi pembeni mwa tuta watapewa mahali pengine. Maswali hayo mawili nimeyasikia tena baadaye, neno kwa neno, kwenye midomo ya watu wa Kibarani na Changamwe ambao hawajawahi kuliona Ziwa Victoria.

Desemba 2019 nilialikwa harusi ya mwanafunzi wangu wa zamani, nikaliona. Nilishuka Mbita nikavuka kwa miguu makusudi. Nikasimama katikati, nikachungulia chini: maji yanakwenda. Hayaendi kwa kishindo, ziwa halina maji kujaa na kupwa kama bahari yetu, lakini ukitupa jani unaliona likiondoka. Mtumbwi ukapita chini yangu na kijana akiimba. Gugu bado lipo, halikuhama, ila halikukaa tena pembeni kama mpangaji asiyelipa kodi. Wavuvi niliozungumza nao walisema samaki wanapita. Nikawauliza wangapi, wakaniangalia kama mtu anayeuliza urefu wa upepo.

Mama mwenye nyumba alikuwa amezeeka na ulimi wake ulikuwa uleule. Daraja alilikubali. Alichokasirikia ni kwamba vijana sasa wanajenga nyumba za kupangisha wageni na bei ya kiwanja imepanda, na kwamba kila mtu anasifu daraja na hakuna anayesifu tuta lililomfikisha hospitali ya Mbita kujifungua kitinda mimba wake usiku wa manane. Nikamwambia nitalisifu. Ndiyo nalisifu hapa.

Mwaka uliofuata ziwa likapanda. Mei 2020 kipimo cha maji ya ziwa kule Jinja, Uganda, kilisoma mita 13.42, kikaipita rekodi ya mwaka 1964. Alinipigia kunieleza kwamba vibanda vya Litare vimeingia majini. Nikahesabu: kutoka ukame wa 2006 hadi mafuriko ya 2020, uso wa ziwa ulikuwa umepanda karibu mita 3 katika miaka 14. Anayejenga chochote pembezoni mwa ziwa lile, awe anajenga daraja au choo cha shule, hana budi kuyatazama maji ya chini kabisa na maji ya juu kabisa. Kamati ya ufuo ilikuwa imechora alama ya maji ya 2020 kwenye ukuta wa banda la kupimia samaki. Ningekuwa na uwezo ningetaka alama kama hiyo kwenye kila nguzo ya kila daraja, mahali mtoto anaweza kuiona.

Kisha zamu ikawa yetu. Kazi ya Makupa ilianza 2021, magari yakaanza kupita juu ya daraja jipya 2022. Daraja lenyewe lina urefu wa mita 457 na gharama iliyotangazwa ilikuwa shilingi bilioni 4.5. Sababu iliyotolewa ndiyo ileile ya Mbita: maji ya Tudor na ya Port Reitz, zile hori mbili zinazokizunguka kisiwa, yarudi kukutana, baada ya miaka zaidi ya 90 ya kutenganishwa. Nilipoisikia redioni nilikuwa navuka na matatu. Nilimgeukia abiria wa kando yangu nikamwambia huko Rusinga wameshafanya hivyo. Akaniuliza Rusinga ni mtaa gani.

Tofauti kubwa ni kwamba Rusinga walivuka watu, pikipiki na lori moja moja, Makupa ilikuwa koo la mji mzima. Makontena ya bandari, mabasi ya Nairobi, maji ya bomba yanayotoka bara, wafanyakazi wa Changamwe, Mikindani na Miritini wanaoingia kisiwani alfajiri, vyote njia ni hiyo. Wakati wa ujenzi, njia zikihamishwa hamishwa, msongamano wa asubuhi ulianzia mbali na ulikuwa wa kuingia na thermosi ya chai. Matatu zilipandisha nauli wakati zinapotaka. Wengine tuliteremka Kibarani tukatembea, na kwa kweli kutembea kulinifaa, maana nilipata kuona kazi inavyokwenda siku kwa siku.

Jirani yangu wa mlango wa pili alishikwa na uchungu asubuhi moja ya Jumatatu. Hospitali kuu iko kisiwani. Teksi iliingia kwenye foleni ikakwama, mbele malori, nyuma malori. Mume wake akawa anasema "tulia, tulia" na yeye mwenyewe hakuwa ametulia. Bibi mmoja aliyekuwa anauza viazi karai kando ya barabara ndiye aliyekuja dirishani, akamtazama, akasema, "Mwanangu, huyu hangoji daraja." Wakasimamisha bodaboda mbili, moja ikatangulia kupiga honi na kupisha watu, nyingine ikambeba mama katikati ya mwenye pikipiki na shangazi yake. Mtoto alizaliwa salama, dakika chache baada ya kufika wodini. Ni wa kike, na mtaani tulimwita Makupa mpaka mama yake akakataza.

Tangu siku hiyo, nikisikia mtu anaeleza mpango wa kubadilisha daraja la kisiwa, swali langu la pili ni gari la wagonjwa litapita wapi saa moja na nusu asubuhi. Ratiba ya zege kila mhandisi anayo. Ninalotaka kuona ni ukurasa wa mgonjwa, ukurasa wa mwanafunzi wa mtihani, na ukurasa wa maiti pia, kwa sababu kwetu maiti hazikwi kesho. Mpango wa kupisha magari unaotengenezwa na mtu anayelala upande uleule anaofanyia kazi huwa na mapengo ambayo muuza viazi anayaona.

Na liko jambo jingine ambalo wengi mjini kwetu hawakulishika. Magari yalipoanza kupita juu, watu wakasema kazi imekwisha, hongera, picha zikapigwa. Lakini gari kupita juu haikuwa ndiyo sababu. Maji yanafunguka tuta la zamani linapoondolewa, udongo unapochimbwa na kubebwa, mpaka chini kabisa. Ukijenga daraja zuri ukaacha nusu ya tuta limekaa chini yake, umejenga barabara tu ya gharama kubwa. Rusinga nililiona lile lililokwisha. Makupa nilijikuta kila nikipita natazama chini kabla ya kutazama mbele, na makanga mmoja aliyenizoea akawa ananichekesha: "Mwalimu, umedondosha nini huko?"

Nilikuwa natazama mkondo. Bahari yetu si kama ziwa. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 kwa muda wa saa sita, na maji hayo yote yanataka njia. Tuta lilipokuwapo, kila upande ulijaa na kupwa peke yake, na ule mkono mdogo wa Makupa ukawa unafurikwa na kilichotupwa humo. Taka za jaa zilifika hadi ukingoni. Mwaka 1988 mafuta yalimwagika upande ule na mikoko mingi ikafa imesimama, na kwa mahali ambapo maji hayapiti vizuri, mafuta hukaa kwenye tope miaka na miaka. Nikiwa msichana niliviona vile visiki vyeusi nikadhani ndivyo mikoko ilivyo.

Siku hizi nahudhuria vikao vya maoni ya wananchi kila ninapopata nafasi, hasa hili la daraja la Likoni linalozungumzwa miaka nenda miaka rudi. Vikao vyenyewe vina mtindo wake. Soda hugawiwa mapema, slaidi huwa za Kiingereza, na mzee aliyekuja na jambo la maana hupewa kipaza sauti wakati watu wanatafuta viatu. Nimejifunza kukaa mbele na kuomba nafasi mwanzo. Pia nimejifunza kutouliza "je, daraja litatufaa?" kwa sababu jibu lake ni ndiyo na kikao kinasonga. Nauliza jaa la vifusi litakuwa wapi. Nauliza wachuuzi waliopo wameorodheshwa na nani, na orodha ibandikwe. Nauliza mitumbwi yenye tanga itapita chini ya nguzo zipi wakati wa maji makuu. Mhandisi mmoja kijana, mpole sana, aliwahi kuniuliza nimesomea wapi mambo hayo. Nikamwambia nilifundisha darasa la sita.

Mwaka jana nilikwenda Jomvu kumtafuta mvuvi ambaye ni baba wa mwanafunzi wangu, nimuulize kama Tudor imebadilika tangu Makupa ifunguliwe. Nilitaka aniambie samaki wamerudi. Hakusema hivyo. Alisema samaki ni riziki na yeye si mtu wa kuisemea, mikoko iliyopandwa mingine imeshika na mingine imeliwa na mbuzi, na maji ya upande wa Kibarani bado yananuka kukiwa na joto. Alichokuwa na uhakika nacho ni mkondo. Zamani aliweza kufunga mtumbwi karibu na tuta saa yoyote akalala. Sasa, maji yakianza kupwa, pale pana nguvu. Siku moja kamba ilikatika akaufuata mtumbwi wake hadi Port Reitz, mahali ambapo babake hakuwahi kufika kwa njia ya maji. Akanionyesha kamba mpya aliyonunua, nene kuliko ya kwanza, na akaniuliza kama najua mahali Mombasa wanapouza nanga ndogo kwa bei ya mwananchi.